Madoa sugu kwenye baraza la mawe: namna ya kuyatoa bila kuliumiza jiwe

Mabaraza mengi ya mawe hayakuharibiwa na madoa. Yaliharibiwa na dawa zilizotumika kutoa madoa. Mtu anaona kutu chini ya mguu wa kiti, anamimina dawa ya kusafishia choo, povu linapanda, naye anaamini dawa inafanya kazi. Kumbe povu lile ni jiwe lenyewe linaliwa. Baada ya wiki kutu bado ipo, na pembeni yake kimezuka kiraka cheupe, kikavu, chenye kukwaruza, ambacho hakuna dawa ya kukirudisha kilivyokuwa.

Jiwe la asili lina vinyweleo. Mafuta ya nyama, maji ya zambarau, kutu iliyoyeyuka kwenye maji ya mvua, vyote huzama ndani kabla havijakauka. Brashi huishia juu, kwa hiyo ukisugua kwa nguvu unachomaliza ni uso wa jiwe na doa unaliacha palepale. Doa lililozama halisuguliwi, linavutwa. Kazi yote inayofuata imejengwa juu ya jambo hilo: lijue jiwe, lijue doa, kisha livute doa lirudi lilikoingilia.

Jiwe lako ni la aina gani

Nchini Kenya mawe yanayotandikwa zaidi kwenye nyua ni ya Mazeras, yanayoitwa kwa jina la mji ulio karibu na Mombasa kwenye barabara ya kwenda Nairobi, pamoja na ya Galana. Mazeras ni jiwe la mchanga, yaani chembe za mchanga zilizoshikana, na rangi zake za manjano na kahawia zinatokana na chuma kilichomo ndani. Kumbuka hilo la chuma, maana litarudi. Ukanda wa pwani na visiwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, kuna jiwe la matumbawe na sakafu za chokaa. Matumbawe ni chokaa tupu. Ndiyo maana wazee waliyachoma tanurini kupata chokaa ya kujengea. Marumaru nayo ni jamaa ya chokaa. Mwanza na Iringa, ambako miamba ya granaiti imetapakaa kila upande, watu hutandika granaiti, jiwe gumu lisilonywa sana.

Usibahatishe kwa macho. Tafuta pembe iliyojificha, ukwaruze jiwe kwa ncha ya msumari mpaka upate unga kidogo, kisha dondoshea juu yake matone mawili ya siki nyeupe au maji ya ndimu. Vikitokea vipovu vidogo, jiwe lina chokaa. Lisiguswe na ndimu, siki, maji ya betri, dawa ya choo wala tindikali ya aina yoyote. Hakikisha umejaribu kwenye jiwe na si kwenye ungio, kwa sababu saruji pia hutoa povu na itakudanganya. Na hata kama jiwe lako halikutoa kipovu, maungio yake bado ni ya saruji: tindikali ikimwagwa hula maungio, mawe yanalegea, na maji yanapata njia ya kupenya chini.

Jaribio la pili ni la maji. Dondosha tone moja juu ya jiwe kavu, uangalie saa. Likinywewa kabla ya dakika 1, jiwe linanyonya sana. Madoa yake yako mbali ndani na utarudia dawa mara kadhaa. Likikaa dakika 10 bila kuacha alama ya unyevu, ama jiwe ni zito, ama lilishapakwa dawa ya kinga au vanishi. Kama kuna vanishi, huenda doa liko juu ya vanishi au katikati, na hapo kazi ni nyingine kabisa. Tutaifikia.

Vifaa

Ndoo mbili za plastiki, brashi ngumu ya nyuzi za plastiki au ya makumbi ya nazi, ufagio, sponji, mpira wa maji, glavu nene, miwani ya kukinga macho, karatasi ya nailoni, utepe wa karatasi wenye gundi wa mafundi rangi, na kijiti bapa cha mbao au plastiki cha kukwangulia. Brashi ya waya na sufi ya chuma ziache kabisa. Huacha vipande vya chuma visivyoonekana ndani ya vinyweleo, na mvua ya kwanza ikinyesha, baraza zima linatoka madoadoa ya kutu.

Maji yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na kila unapoosha jiwe kwa maji hayo unalipandikiza chumvi itakayokuja kutoka kama unga mweupe. Kwa suuza ya mwisho tumia maji ya bomba au ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi. Sabuni iwe ya maji, ya vyombo, isiyo kali. Sabuni ya kipande ikikutana na maji magumu hufanya utando wa kijivu unaoshika uchafu. Sabuni za maji zinazotengenezwa mtaani nazo zijaribu kwanza pembeni, kwa kuwa nyingine zina magadi makali kupita kiasi.

Osha kwanza, kisha subiri

Fagia baraza likiwa kavu. Lowesha jiwe lote kabla ya kuweka sabuni, kwa sababu jiwe lililokwisha kunywa maji safi halinywi sana maji machafu. Tia vijiko 2 vya chakula vya sabuni ya maji kwenye ndoo ya lita 10, sugua kwa mizunguko midogo, kisha suuza kuelekea kwenye mfereji. Povu chafu lisikaukie juu ya jiwe. Baada ya hapo liache likauke siku moja au mbili kabla ya kuhukumu doa lipi limebaki. Jiwe lenye maji huficha madoa ya mafuta na kuyaonyesha mengine makubwa kuliko yalivyo.

Mashine za kuoshea magari zimekuwa njia ya mkato. Kwenye granaiti na Mazeras nzito zinafaa, mradi presha iwe chini ya baa 70, pua iwe ile ya kutawanya maji mapana, na uisimamishe si chini ya sentimita 30 kutoka kwenye jiwe. Pua ya maji membamba huchora mistari isiyofutika na kung'oa maungio. Kwenye matumbawe na sakafu ya chokaa usiitumie.

Dawa ya kukandika

Hii ndiyo njia kuu, na ndiyo mafundi wengi wanairuka kwa kuwa inataka siku badala ya dakika. Unachukua unga unaonyonya, unauchanganya na kimiminika kinachoyeyusha doa, unaukandika juu ya doa na kulifunika. Kimiminika kinaingia ndani na kuyeyusha doa; ukifunua, unga unapoanza kukauka unanyonya kimiminika kile kirudi juu, nacho kinakuja na doa.

Unga bora ni kaolini, udongo mweupe laini unaotumika kwenye ufinyanzi; milima ya Pugu karibu na Dar es Salaam ni maarufu kwa udongo huo. Ukiukosa, tumia unga wa chaki au bekingi soda. Angalizo moja: unga wa chaki huenda ukawa wa chokaa, hivyo usiuchanganye na kitu chochote chenye uchachu, vitauana vyenyewe kabla ya kuligusa doa.

Utaratibu ni huu:

1. Lowesha sehemu yenye doa kwa maji safi kidogo kama dawa yako ni ya maji. Kama ni ya asetoni au thina, jiwe liwe kavu.
2. Tia kimiminika kwenye unga kidogo kidogo, ukikoroga, mpaka uwe mzito kama siagi ya karanga. Ukichuruzika ni mwepesi mno, ukipasuka ni mkavu mno.
3. Kandika unene wa nusu sentimita hadi sentimita 1, ukipita mpaka wa doa kwa sentimita 2 au 3 kila upande. Nusu kilo ya mchanganyiko inatosha mraba wa takriban sentimita 30 kwa 30.
4. Funika kwa nailoni, bandika kingo kwa ule utepe wa karatasi, toboa vitundu vichache vidogo. Acha saa 24 hadi 48, mahali pasipo jua kali.
5. Fungua nailoni, iache dawa ikauke kabisa ikiwa hapohapo juu ya jiwe. Hatua hii isirukwe. Ukiiondoa ingali mbichi, doa lililoyeyuka linabaki ndani, na mara nyingine linakuwa limetanuka.
6. Kwangua kwa kijiti, suuza, acha jiwe likauke, ndipo uangalie.

Doa likipungua hata kidogo, rudia. Madoa ya zamani yanaweza kudai kukandikwa mara nne au tano. Lisipobadilika hata chembe baada ya mara mbili, umekosea aina ya doa. Badilisha kimiminika, usiongeze ukali. Na kabla ya yote hayo, jaribu dawa kwenye eneo la sentimita 10 kwa 10 lililojificha, usubiri likauke siku nzima.

Mafuta

Sehemu ya jiko la nyama choma, mahali pikipiki inapoegeshwa, chini ya jenereta. Doa ni jeusi au la kahawia iliyokolea, halina mpaka mkali, na jiwe linaonekana kama lina unyevu usiokauka. Likiwa bichi, usilifute kwa kulisambaza. Mwagia unga wa ngano, bekingi soda au vumbi la mbao, liache saa kadhaa, fagia, rudia.

Likiwa la siku nyingi, anza na dawa laini: vikombe 3 vya bekingi soda kwa kikombe 1 cha maji na kijiko 1 cha sabuni ya vyombo. Ikishindwa, kaolini na asetoni, inayopatikana kwenye maduka ya vipodozi na ya rangi. Asetoni huwaka moto kwa haraka sana na mvuke wake hutambaa chini, kwa hiyo jiko la mkaa lizimwe, sigara zisiwepo, na kazi ifanyike nje penye hewa. Maji ya moto tupu hayasaidii kwenye jiwe linalonyonya; yanayalainisha mafuta na kuyashusha chini zaidi. Mafuta ya taa na dizeli nayo yaache, kwa kuwa unaondoa mafuta kwa kuongeza mafuta.

Zambarau, majani, chai, tambuu

Mzambarau ukiwa juu ya baraza, msimu wake mmoja unatosha kulitia rangi ya urujuani kila mahali. Majani makavu ya mwembe na mkungu yakilowa na kulala juu ya jiwe huacha umbo lao, kahawia na hata jeusi. Yote haya ni madoa ya mimea, na yana tiba moja: haidrojeni peroksaidi. Ile ya duka la dawa mara nyingi huwa asilimia 3 au 6. Ya saluni huandikwa kwa namba ya volyumu: 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9, 40 ni asilimia 12. Chukua ya maji maji, si ya krimu, kwani krimu ina mafuta yake.

Kwa doa jipya la zambarau kwenye jiwe la rangi nyepesi, mimina ya asilimia 6 moja kwa moja, acha dakika 15, suuza. Kwa doa la zamani, changanya ya asilimia 12 na kaolini na ukandike. Vaa glavu, kiwango hicho huchoma ngozi na kuigeuza nyeupe. Fanya jioni, maana jua huimaliza nguvu kabla haijazama. Kwenye jiwe jeusi au la rangi nzito usianze nayo, kwa kuwa inaweza kuacha kiraka kilichopauka. Hapo tumia asetoni. Mate ya tambuu, chai na kahawa hufuata njia hiihii.

Kuna doa moja la mimea linalowashinda wengi: jeusi ti, karibu na chuma au chini ya chungu chenye waya. Hilo ni maji ya majani yaliyokutana na kutu, na muungano huo ndio uliotumika zamani kutengeneza wino. Peroksaidi peke yake hailiwezi. Litibu kwanza kama kutu, kisha malizia na peroksaidi.

Kutu

Hapa ndipo mawe mengi yanapouawa. Jiki haitoi kutu; inaikaza, kwa kuwa kazi yake ni kuoksidisha, yaani kuunganisha vitu na oksijeni, na kutu ni chuma kilichooksidishwa tayari. Tindikali ya chumvi huifuta kidogo, lakini ikila jiwe la Mazeras huyeyusha pia chuma cha ndani ya jiwe, ambacho baadaye kinapanda juu na kutoa manjano mapya mahali palipokuwa safi.

Dawa salama zaidi ni sitreti ya sodiamu pamoja na glisirini. Sitreti hushika chembe za chuma na kuzitoa bila uchachu. Si lazima uitafute imeandaliwa, unaweza kuitengeneza nyumbani kwa chumvi ya ndimu inayouzwa kwa watengeneza juisi na bekingi soda:

- chumvi ya ndimu gramu 20
- bekingi soda gramu 26
- maji ya uvuguvugu mililita 160
- glisirini ya dukani mililita 190
- kaolini ya kutosha, kiasi cha nusu kilo au zaidi kidogo

Tumia chombo kirefu kwa sababu kutakuwa na povu jingi. Yeyusha chumvi ya ndimu kwenye maji, kisha tia bekingi soda kwa mikupuo midogo mpaka povu liishe. Ukitia punje chache zaidi na kimya kikatawala, uchachu umekwisha. Kama bado kunachemka, ongeza soda. Ikizidi kidogo haidhuru. Hapo tia glisirini, halafu kaolini. Kandika, funika, na uache siku 3 hadi 5. Glisirini huzuia dawa isikauke mapema, kwa kuwa chuma hutoka polepole. Kipimo hiki kinatosha eneo la zaidi kidogo ya sentimita 40 kwa 40.

Kwenye marumaru iliyong'arishwa jaribu kwanza pembeni, maana sitreti inaweza kupunguza mng'ao. Kwenye granaiti, ikiwa sitreti imeshindwa mara mbili, unaweza kutumia tindikali ya oksaliki: gramu 50 kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu, dakika 15 tu, kisha suuza kwa maji mengi, pitisha maji yenye bekingi soda, suuza tena. Ni sumu ikimezwa, na watoto na mifugo wakae mbali mpaka uso ukauke. Kwenye chokaa, marumaru na matumbawe haitumiki hata kidogo.

Kabla ya kuhangaika na doa, tafuta kinakotoka chuma. Miguu ya viti ivishwe mpira. Vyungu viinuliwe. Angalia kama maji ya paa la mabati lililooza yanadondokea hapo, au kama mbolea ya bustani yenye chuma ilimwagika. Na kama vidoa vidogo vya kutu vimetapakaa katikati ya mawe bila kufuata kitu chochote, hicho ni chuma cha jiwe lenyewe. Ndiyo tabia yake. Liache.

Kijani, weusi na viraka

Masika yakikaa, sehemu zenye kivuli hushika utelezi wa kijani, na utelezi huo unavunja watu nyonga. Kwenye Mazeras na granaiti Jiki inafaa: sehemu 1 kwa sehemu 5 za maji. Lowesha jiwe kwanza, lowesha pia mimea ya pembeni ili isinywe dawa, sogeza vitu vya chuma, mimina, acha dakika 10 hadi 15 bila kukauka, sugua, suuza sana. Kwenye matumbawe na chokaa ni afadhali peroksaidi ya asilimia 6, kwa kuwa Jiki huacha chumvi ndani ya jiwe na jiwe hilo tayari lina chumvi ya kutosha.

Usichanganye Jiki na kitu kingine chochote. Ikikutana na siki, ndimu, dawa ya choo au tindikali nyingine hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia au mkojo hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Mabaki ya dawa ya jana kwenye ndoo yanatosha kuleta madhara. Ndoo ya Jiki iwe ya Jiki.

Viraka vya duara, vyeupe, vya kijivu au vya rangi ya chungwa, vigumu na vilivyoshika barabara, ni viumbe walioungana, kuvu na mwani, na mizizi yao imeingia kwenye jiwe. Ukivikwangua vikiwa vikavu vinang'oka na ngozi ya jiwe. Vilowanishe mara kadhaa kwa siku moja mpaka vivimbe, kwangua kwa kijiti cha mbao, weka dawa, kisha viache wiki mbili au tatu. Vikishakufa, mvua na brashi vitamalizia. Vinyesi vya popo na ndege navyo vilowanishe kwanza na uvae barakoa, usivikwangue vikavu na kuvuta vumbi lake.

Hii ni kazi itakayorudi kama kivuli na maji havijapunguzwa. Pogoa matawi, rekebisha mwinamo. Baraza linapaswa kushuka kiasi cha sentimita 1 au 2 kwa kila mita ili maji yasisimame.

Unga mweupe

Chumvi hupanda na unyevu kutoka chini, maji yanakauka, chumvi inabaki juu. Kosa la kawaida ni kuiosha: inayeyuka, inarudi ndani, inapanda tena baada ya siku tatu. Ifagie ikiwa kavu kwa brashi laini, ikusanye na kuitupa mbali. Ikiendelea, kandika kaolini iliyochanganywa na maji safi matupu, bila kufunika, iache ikauke, ikwangue, rudia mpaka unga mweupe upungue. Pwani chanzo mara nyingi ni mchanga wa ufukweni uliotumika kwenye zege bila kuoshwa, na hapo chumvi itatoka kwa miaka. Usiizibe kwa vanishi. Chumvi iliyozuiwa juu hukua chini ya uso na kuubandua uso wa jiwe tabaka kwa tabaka.

Mengine kwa ufupi

Udongo mwekundu: acha ukauke, fagia, osha, kisha ukusanye maji machafu kwa sponji badala ya kuyasukuma. Ukibaki wekundu, kandika kaolini na maji. Mara nyingi inatosha, na ikishindwa tumia ile dawa ya kutu. Nta ya mshumaa: weka barafu juu yake, ivunje, kisha asetoni na kaolini. Rangi ya maji iliyodondoka: kwangua kwa kijiti, halafu asetoni. Matone ya saruji ya fundi: gonga taratibu kwa patasi bapa ukiielekeza pembeni, kwenye jiwe la mchanga saruji hung'oka kirahisi ikiwa bado haijamaliza siku chache.

Marumaru ikiwa na alama nyepesi kuliko jiwe, isiyo na mng'ao, mahali glasi ya juisi ya ndimu au soda ilipowekwa, hilo si doa. Ni jeraha la tindikali, na kukandika hakutalisaidia. Linahitaji kung'arishwa upya na fundi mwenye mashine na unga wa kung'arishia.

Vanishi na kinga

Mazeras hupakwa vanishi ili ionekane imelowa. Inapendeza miezi michache. Unyevu wa chini ukipanda unakwama, vanishi inageuka nyeupe, inabanduka kwa viraka, na uchafu unaingia kwenye kingo. Kama hali ndiyo hii, hakuna dawa ya doa itakayopenya mpaka vanishi itoke. Paka dawa ya kuondolea rangi, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kwangua kwa plastiki, malizia na thina na vitambaa safi unavyobadilisha mara kwa mara. Usichome vanishi kwa moto. Mazeras yenye unyevu hupasuka na kuruka vipande.

Kinga inayofaa ni ile inayozama ndani ya jiwe na kuliacha lipumue, yenye sileni au siloksani, soma kopo. Jiwe liwe kavu kabisa, siku 3 za jua baada ya kuosha, kwa hiyo usipange kazi hii katikati ya masika wala vuli. Paka mkono mmoja mwepesi, subiri dakika 10, futa yote yaliyobaki juu kwa kitambaa kikavu. Yakiachwa yatakauka na kunata. Rudia mkono wa pili baada ya muda uliotajwa kwenye kopo. Jaribio la tone la maji ndilo litakalokuambia lini urudie: likianza kunywewa upesi, kinga imekwisha. Sakafu ya zamani ya chokaa usiipake chochote zaidi ya chokaa.

Na kuna bamba la Mazeras ambalo limekandikwa mara tano na halijasikia. Likiwa limetandikwa juu ya mchanga, ling'oe kwa mtaimbo uliofungwa kitambaa na uangalie upande wa chini. Mara nyingi bamba la unene wa sentimita 3 au zaidi lina uso mzuri upande wa pili, na doa halikufika huko. Safisha, sawazisha mchanga, ligeuze, gonga kwa nyundo ya mpira mpaka lilingane na wenzake, jaza maungio. Likiwa limeshikwa na saruji, litavunjika ukiling'oa. Hapo tafuta bamba lingine la rangi inayokaribiana, na ikiwezekana lichukue kwenye kona ya baraza hilohilo, kwa kuwa limekwisha kupauka na jua sawa na mengine, kisha bamba jipya liweke huko konani.